Nukta Mbili za Mjomba

Lenzi ilinifikia ikiwa imeviringishwa kwenye kitambaa laini, na kitambaa chenyewe kimetiwa ndani ya soksi nene. Ilikuwa Helios 44-2, milimita 58, f/2, yaani tundu lake la mwanga hufunguka pana. Mjomba aliitumia tangu ujana wake. Kamera yake ilishakufa miaka mingi, lakini lenzi hakukubali kuitupa. Alimpa mama aniletee, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Mwambie aisafishe, halafu aje nayo siku asiyokuwa na haraka."

Niliisafisha usiku uleule. Nikapuliza vumbi, nikapitisha brashi, nikamulika tochi kwa nyuma kutafuta kuvu, ile inayotambaa kama utando wa buibui ndani ya lenzi zilizokaa gizani muda mrefu. Haikuwapo. Kitu pekee kilichonikera ni kitone kigumu pembeni, juu ya sehemu isiyozunguka, kama rangi iliyodondoka ikaganda. Nikakikwangua kwa ukucha mpaka kikabanduka. Kulikuwa na kingine kama hicho kwenye pete ya fokasi, ile unayozungusha ili picha iwe bayana, lakini hicho kiligoma, nikakiacha.

Kisha nikasubiri adapta. Lenzi hizi hufungwa kwa kusokotwa kama kifuniko cha chupa; uzi wake una kipenyo cha milimita 42, ndiyo maana wapiga picha huuita M42. Zilitengenezwa kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu, kwa sababu kamera za wakati huo zilihitaji nafasi ya kioo kinachonyanyuka kila unapopiga. Kamera yangu ya dijitali haina kioo, na nafasi yake ni milimita 18 tu. Kwa hiyo adapta ni bomba tupu la chuma linalojaza pengo lililobaki. Haina glasi, haina waya, na kamera haijui kabisa kama mbele yake kuna lenzi.

Hilo la mwisho nilikuja kulifahamu mbele ya mjomba mwenyewe. Nilimkuta amekaa nje chini ya mti, uso ameuelekeza kwenye mwanga. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, anasubiri kufanyiwa upasuaji. Aliniambia ananiona kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Nikafunga lenzi, nikamwelekezea kamera, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Kamera ilikuwa inakataa kupiga kwa kuwa inadhani haina lenzi, na nilihangaika kwenye menyu karibu robo saa kabla ya kukipata kipengele cha kuiruhusu ipige hivyo hivyo. Muda wote huo mjomba hakusema neno. Shata ilipolia, akatabasamu.

Nikampiga picha nyingi mfululizo, tundu la lenzi limefunguka lote, f/2, umbali wa kama mita moja. Nilizipenda rangi zake palepale, na yale majani nyuma yake yaliyokuwa yamejikunja kuuzunguka uso wake kama maji yanayozunguka kisiki. Lenzi hii inasifika kwa jambo hilo. Mchoro wake ulitokana na Biotar ya Carl Zeiss Jena, Wasovieti wakaufanya wao baada ya Vita Kuu ya Pili. Lakini nilipokuza picha kwenye skrini, moyo uliniingia baridi. Hapa sikio liko bayana na jicho limefifia. Pale ni ncha ya pua. Pengine ni ukosi wa shati. Kwa umbali ule na tundu lile, sehemu inayokaa bayana haizidi sentimita tatu na nusu au nne, na mimi nilikuwa nazungusha pete huku na huku kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

"Nasikia unavyoihangaisha," mjomba akasema. "Iweke mahali pamoja, halafu uache mkono. Sogea wewe. Inama kidogo, rudi kidogo, jicho likikaa sawa piga."

Nikajaribu. Niliishikilia pete, nikawa nayumba taratibu kama mtu aliye ndani ya mtumbwi, na kope zake zikaja kwenye kidirisha moja moja, zikawa bayana, zikapita. Mara ya tatu nikawahi. Ile picha ninayo hadi leo na bado ndiyo bora zaidi niliyowahi kumpiga mtu yeyote. Kamera ilikuwa na uwezo wa kupaka rangi nyekundu kingo zilizokaa bayana, nami nilikuwa nimeuwasha. Kuanzia siku hiyo niliuzima. Ule wekundu ulikuwa unanifanya niangalie wekundu badala ya kumwangalia mtu.

Ndipo akanyoosha mikono. "Lete sasa, mjomba." Sisi huitana hivyo, yeye mjomba na mimi mjomba.

Nilidhani anataka kuishika tu. Akaipakata, akaweka kidole gumba cha kushoto juu ya lenzi, akazungusha pete taratibu mpaka mwisho, akaigonga kwenye kikomo chake, kisha akairudisha. Akatulia kidogo. Akarudia tena. Kidole chake kilikuwa kinapapasa mahali fulani, kinaondoka, kinarudi.

"Moja ninayo," akasema. "Ya pili iko wapi?"

Nilielewa kabla hajamaliza, na nikatamani ardhi inimeze. Vile vitone viwili alivitia yeye kwa rangi ya kucha, miaka ile alipokuwa akipiga picha kwenye shughuli za usiku zenye taa hafifu. Kimoja kwenye pete, kimoja kwenye sehemu isiyozunguka. Vikikutana chini ya kidole gumba, lenzi imekaa mita mbili. Hakuhitaji kuchungulia namba. Alipima hatua mbili ndefu kutoka kwa mtu, akakutanisha nukta, akapiga. Sasa ambapo macho yalikuwa yamemwacha, nukta zile ndizo alizozihesabia, na moja niliikwangua mimi kwa ukucha nikidhani ni uchafu.

Nilimwambia kweli. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama namba bado zinasomeka.

"Zinasomeka, mjomba."

"Basi niwekee kwenye mbili. Tafuta kitu chochote ubandike."

Nilipata kipande cha utepe wa gundi kwenye begi langu. Nikakikunja mara nne kiwe kinene, nikakibandika mahali pa kitone kilichotoka, nikihakikisha kwamba namba 2 imekaa sawasawa na mstari. Akapapasa. Akazungusha pete mpaka mwisho kabisa, akairudisha akiwa amefumba macho, na kidole kikasimama chenyewe. Nikachungulia: mbili. Akarudia mara tano, na mara zote tano ilikuwa mbili.

Hapo ndipo nilipozielewa lenzi hizi, nami nilikuwa nimezisoma kwa miezi. Kwenye Helios, nusu nzima ya safari ya pete iko kati ya nusu mita na mita moja. Mbali huhitaji mzunguko mdogo, karibu huhitaji mkubwa, na kila umbali una mahali pake pasipohama. Pete ya lenzi nyingi za kisasa huzunguka bila kikomo, kwa sababu haisukumi glasi yenyewe, inaipa tu mota habari. Ungeitia nukta ngapi, kidole kisingeambiwa kitu.

Alinikalisha kwenye kigoda, akaja akagusa bega langu, akarudi nyuma hatua mbili. Picha ya kwanza alipiga kwa f/8, tundu likiwa limebanwa. Kwa mita mbili, tundu hilo linakupa zaidi ya nusu mita ya kukosea, na hakukosea: uso wangu, mikono yangu, hata nyuzi za kiti, vyote bayana. Nilipaza sauti kwa furaha. Yeye hakuridhika.

"Hiyo hata ukuta ungepiga. Fungua lote."

Nikafungua mpaka f/2. Sasa ilikuwa sentimita 14 kwa jumla, mbele na nyuma ya nukta zake. Akainua kamera, akaishusha, akapapasa tena, akavuta pumzi. Nami nikajikuta nimeinamisha kichwa mbele kutazama kile kidole kinavyofanya kazi.

"Usisogee," akasema, akabonyeza.

Tulitazama pamoja, yaani nilitazama nikamsimulia. Nilimwambia ni nzuri sana. Nilikuwa namaanisha, maana majani yalijizungusha nyuma yangu na mwanga uliniangukia shavuni vizuri mno. Sikumwambia zaidi ya hapo.

Miezi michache baadaye alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza. Nilimpelekea picha zote zikiwa zimechapishwa kwenye karatasi. Alipita haraka zile za kwake, akakaa muda kwenye ile ya f/8, akaiweka kando. Ile ya mwisho akaileta karibu na jicho lake jipya, akaisogeza mbali, akaileta karibu tena. Kisha akaweka kidole gumba kwenye ukosi wa shati langu, mahali ambapo kila uzi unahesabika, juu yake uso wangu ukiwa laini kama moshi.

"Mbili ni hapa," akasema. "Ulisogea."