Spika tano ndani ya chumba cha boriti

Jumapili, baada ya isha

Chumba kina upana wa mita 2.70, na wa kulaumiwa ni mkoko. Boriti ikishakatwa ncha na vichwa vyake vikazama ukutani huku na huku, sehemu inayobaki wazi haifiki mita 3. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe huku Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba: mwenye mali alirefusha, kupanua hakuweza. Hiki chetu cha ghorofani kina urefu wa mita 7.40, na dari iko mita 3.60 juu ya sakafu. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita. Binamu yangu aliyeko Maskati ananiambia nyumba ya babu wa mkewe pale Matrah ina vyumba vya kipimo hiki hiki, na wala si ajabu, boriti za Waomani wengi zilipakiwa majahazini kwenye pwani yetu.

Sasa humo ndani nataka spika tano, sabufa, yaani spika ya sauti nzito za besi, na skrini ya filamu na mpira.

Nikiwaambia watu kwamba chumba hiki kina sauti nzuri hawaniamini, lakini ni kweli. Mama akikaa dirishani na mgeni wake akakaa mwisho kabisa kwenye vidaka, wanazungumza bila ya kunyanyua sauti na kila neno linafika. Pakiwa na kisomo, msomaji mmoja anatosha, hapana haja ya kipaza sauti. Kuta zinambeba, na watu waliojaa kwenye mikeka na kanzu zao na mabuibui yao wanafyonza kile kinachozidi. Mtu mmoja aliyevaa nguo hufyonza sauti takribani kama nusu mita ya mraba ya dirisha lililo wazi, kwa hiyo watu 20 si mchezo. Aliyejenga chumba alikijengea koo la binadamu na alitarajia kijae. Mimi nakitaka kifanye kazi kikiwa na watu watatu na mashine inayotoa sauti ambazo hakuna koo linaloweza kuzitoa. Ugomvi wetu wote, mimi na chumba, umeanzia hapo.

Hesabu yake ni ya zamani. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimtwika mwalimu wake kijana wa fizikia, Wallace Sabine, kazi ya kutafuta kwa nini ukumbi wa mihadhara wa Fogg haukuwa ukisikilizana. Akawa anabeba mito ya viti kutoka ukumbi wa Sanders usiku usiku, anaipanga, anapiga bomba la kinanda, anahesabu sekunde mpaka sauti ife, kisha anairudisha mito kabla ya asubuhi. Kilichotoka humo bado tunakitumia: ujazo wa chumba mara 0.161, ugawe kwa ufyonzaji wote uliomo, unapata sekunde. Chumba chetu kina ujazo wa mita za ujazo 72. Nilipokipima kikiwa na mkeka na kochi moja, sauti ilichukua sekunde 1.4 kufa, maana yake kilikuwa na ufyonzaji wa kama mita za mraba 8. Filamu inataka kama sekunde 0.4. Hapo unahitaji mita za mraba 29. Yaani chumba kinanidai watu 40 waliokaa kimya.

Besi ni kesi nyingine, na Sabine hasaidii. Joto likiwa nyuzi 30, sauti inakwenda mita 349 kwa sekunde. Wimbi ambalo nusu yake inaenea sawasawa baina ya ukuta na ukuta linanaswa na kuvuma, na vile vile yale yanayoingia mara mbili, mara tatu. Kwa urefu wa mita 7.40 ni hezi 24, yaani mitetemo 24 kwa sekunde, kisha 47, kisha 71. Kwa kimo cha mita 3.60 ni hezi 48. Tazama hapo: 47 na 48. Urefu na kimo vimeangukia mahali pamoja, na maikrofoni ya kupimia ikaonyesha kwenye chati kilima kilichopanda desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) juu ya masafa jirani. Hata bila ya maikrofoni ungelijua. Noti ya G ya chini kwenye gita la besi ni hezi 49, na kila mpiga besi wa taarabu ya kisasa akiigusa, chumba kizima kinaiitikia na kuing'ang'ania, noti mbili zinazofuata zinapita bila ya kusikika. Katika fleti ya binamu yangu kule Maskati kuta za ndani ni za gipsamu, zinatikisika kidogo na kuiachia besi ipite zake. Nusu mita ya jiwe haiachii kitu.

Basi nikafanya kile kinachofanywa: sabufa nikaipandisha juu ya kochi, mahali pa kichwa changu, nikaweka wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, nikaanza kutambaa kando ya kuta nikitega sikio. Pale besi inapokuwa sawa, si nene wala nyembamba, ndipo sabufa inapotakiwa kukaa. Mama akaingia.

"Mwanangu, umepoteza nini?"

"Natafuta besi, mama."

Akasimama kidogo, akainama naye akachungulia chini ya kochi. "Huku haimo," akasema, akaenda zake kuswali.

Mahali palipopatikana ni kwenye ukuta mrefu usio na mlango, kama robo ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa skrini, na karatasi ya hesabu inakubali: wimbi la hezi 47 lina utulivu wake robo ya njia kutoka kila mwisho. Kochi nalo nikalivuta nyuma, likawa mita 2.20 kutoka kwenye ukuta wa vidaka, karibu na robo ya upande wa pili. Kila anayeingia anataka kochi likae katikati. Katikati kabisa ndipo wimbi hilo linapokuwa na nguvu zaidi, na huko ndiko filamu zote zinakuwa za ngurumo, hata zile za watu kuzungumza mezani.

Wembamba nao una kodi yake. Viwango vya kimataifa vinataka spika ya kushoto na ya kulia ziachane kwa nyuzi 60 machoni mwa msikilizaji. Ndani ya mita 2.70, ukiacha kila spika nafasi ya sentimita 40 kutoka ukutani, zinaachana mita 1.90 tu. Ili upate nyuzi 60 ukae mita 1.65 kutoka kwao, pua kwenye skrini. Jamaa mmoja alinishauri niugeuze mpango mzima, skrini iende ukuta mrefu. Ukifanya hivyo kisogo chako kinagusa ukuta wa nyuma, na ukutani ndipo besi zote zinapokutana. Nimechukua njia ya kati: skrini na spika nimezitoa mita 1.50 mbele ya ukuta wao, umbali hadi kochini ukawa mita 3.70, na mimi nasikiliza kwa nyuzi 29. Uwanja wa sauti ni mwembamba kuliko wa vitabuni. Lakini maneno ya waigizaji yanatoka midomoni mwao, na kwangu hilo ndilo la kwanza. Siwaelewi watu wanaonunua sabufa ya pili kabla hawajasikia vizuri mtu akinong'ona.

Tatizo la mnong'ono lilikuwa kuta za pembeni. Ziko karibu mno. Sauti inayogonga ukutani inafika sikioni chini ya milisekunde 1 baada ya ile iliyokuja moja kwa moja, na sikio haliwezi kuzitenga, linazichanganya na kukupa sauti yenye ladha ya bati. Kutafuta mahali pa kugonga ni rahisi. Mimi nilikaa kochini, mpwa wangu akatembeza kioo ukutani, na pale nilipoiona spika ndani ya kioo ndipo penyewe: sentimita 85 mbele ya kila spika. Upande wa kulia ni ukuta mtupu. Upande wa kushoto ni dirisha.

Dirisha hilo limenifikirisha sana. Likifungwa, mbao zake zinarudisha sauti kama kawaida. Likifunguliwa, hakuna kifyonzaji duniani kinacholishinda, maana sauti ikitoka haina habari ya kurudi. Sabine mwenyewe alilifanya dirisha lililo wazi kuwa kipimo chake. Lakini kinachotoka kina njia ile ile ya kuingilia: pikipiki, watalii wanaoulizana njia, televisheni ya jirani wa ng'ambo ya kichochoro ambaye naye, kwa haki, hataki kusikia milipuko yangu saa tano usiku. Linafungwa.

Kwa hiyo fremu. Ukuta wa chokaa hautobolewi. Ukitia drili, nusu ya plasta inakuangukia miguuni, na nyumba yenyewe iko ndani ya mji uliomo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000, si mahali pa kufanya majaribio ya bolti. Isitoshe, ukuta wa matumbawe unapumua: unavuta unyevu na kuutoa, na chochote utakachokigandisha juu yake kitaota ukungu kabla ya masika kwisha. Nikamchorea fundi seremala fremu zenye miguu, zinazosimama zenyewe sentimita 10 mbali na ukuta, ndani yake pamba ya mawe ya unene wa sentimita 10, ile wanayoitumia mafundi wa majiko ya mikate kuzuia joto. Bahati nzuri ile nafasi ya nyuma inafanya kazi mbili, ukuta unapata hewa na fremu inafyonza masafa ya chini zaidi, mpaka karibu hezi 200.

"Sheikh," fundi akaniuliza, "hii ni milango?"

"Hapana, ni ya kufyonza sauti."

"Wallahi nina watoto sita, nitengenezee na mimi."

Kitambaa alichagua mke wangu, baada ya kuikataa rangi ya kijivu niliyoipendelea. Sharti langu lilikuwa moja: aweke kitambaa mdomoni apulize, pumzi ikipita na sauti itapita. Muuza duka alishangaa lakini hakusema kitu.

Mpwa wangu, ambaye ana rafiki mwenye studio ya kurekodia, aliuliza kwa nini nisibandike trei za mayai na kuokoa fedha. Trei ni karatasi nyembamba. Zinagusa kidogo masafa ya juu, za katikati na za chini zinapita kama hazikuona kitu, na moto ukitokea zinawaka vizuri sana. Sponji za sentimita 5 nazo ni hadithi ile ile kwa besi. Wimbi la hezi 48 lina urefu wa mita 7 na kitu, na kifyonzaji cha aina hii kinaanza kulishika barabara kikiwa na unene wa robo yake. Mita 1.80 za pamba katika chumba cha mita 2.70! Besi inatibiwa kwa kuhamisha kochi na sabufa. Kilichobaki cha kilima, kile cha kimo ambacho huwezi kukikimbia kwa kusogeza fanicha, nimekiachia amplifaya ikipunguze yenyewe.

Ukuta wa nyuma sikuugusa. Una vidaka kutoka juu hadi chini, vya vina mbalimbali, vinavunja sauti na kuitawanya vizuri kuliko mbao za kununua. Piga kofi katikati ya chumba tupu na unasikia mlio wa *zzzing* ukikimbia baina ya kuta mbili laini. Lipige kwenye vidaka, ukutani hakurudi kitu cha namna hiyo. Niliwaza kuziweka humo spika za nyuma. Mama hakunipa hata nafasi ya kumaliza sentensi: vidaka ni vya sahani za bibi. Spika za nyuma sasa ziko juu ya vijiti pembeni ya kochi, mahali panapotakiwa hasa. Dolby Atmos, ile teknolojia ya sauti ya filamu ya tangu 2012 inayotaka spika za darini, nimeisamehe. Boriti zile sizitii skrubu.

Sahani zilikuwa na lao. Chati ilikuwa safi, lakini katika kila mlipuko nikisikia *trrr* nyembamba kutoka nyuma, nikafungua sabufa, nikakaza skrubu zote, nikabadilisha waya. Mama ndiye aliyenyoosha kidole kwenye kidaka cha tatu kutoka kushoto. Sahani ya buluu, imeegemea jiwe. Akaikunjia kitambaa chini yake, *trrr* ikaisha.

Kipimo cha leo ni sekunde 0.5. Jana tulitazama mpira, tukasikia mtangazaji na uwanja kila mmoja kwa nafasi yake, na mke wangu hakuomba maandishi katika filamu iliyofuata. Aliyekasirika ni mama. Alikaa dirishani, akamwita mgeni wake kwenye vidaka, naye akajibu "Naam?" mara mbili. "Umekiua chumba," akaniambia. Nimekipima kwa namna yake pia, nikasoma kwa sauti nikiwa nimesimama pale anaposimama msomaji, na ni kweli, sauti inaanguka njiani. Alhamisi ijayo kuna kisomo. Fremu zote zitatoka, zikae kwenye ngazi mpaka wageni waondoke, na fundi nimemtumia ujumbe aziongezee magurudumu. Amejibu kwa kuuliza kama ni ya mpira au ya chuma. Ya mpira, nimemwambia, ya chuma yatapiga kelele.