Tulivyogawana faida ya mahindi bila kununiana

Nimechoka na watu wa "gawaneni sawa tu, msije mkagombana." Aliyenishauri hivyo hakuwa ametia hata senti. Mimi nilitoa laki saba, Shangazi laki nne na nusu, shemeji laki tatu, jumla 1,450,000. Tukachukua mahindi Kibaigwa, tukayashusha Tandale, na baada ya usafiri, ushuru na makuli ikabaki faida ya 442,000. Shemeji ndiye aliyelala juu ya mzigo, kwa hiyo tukamtolea kwanza posho yake, elfu hamsini, kama tulivyopatana kabla hajaondoka. (Pataneni mapema. Mzigo ukishauzwa, kila mtu anakumbuka alivyochoka.) Zikabaki 392,000.

Hapo ndipo zogo lilipoanza. Jirani mmoja, mjuzi wa kila jambo, akakata shauri: nusu yangu, robo ya Shangazi, robo ya shemeji, "si inakaribiana?" Shangazi akataka kujua ile laki na nusu aliyomzidi shemeji imeliwa na nani. Akaja mpwa wangu na simu yake, akapiga asilimia: 48 zangu, 31 za Shangazi, 20 za shemeji. Desimali akazitupa, ati zinachosha. Shangazi shule hakukaa sana, lakini amekuwa mama lishe miaka na miaka. Akajumlisha kichwani.

"Mwanangu, hizo mbona tisini na tisa? Moja kaitia nani mfukoni?"

Na hiyo moja ni karibu elfu nne!

Nikaomba ungo na maharage. Hapa niacheni nijisifu. Nilitafuta fungu kubwa kuliko yote linaloingia kwenye michango yetu mitatu bila kubakiza kitu, nikapata elfu hamsini. Kila elfu hamsini, punje moja. Zangu 14, za Shangazi 9, za shemeji 6, zote 29. Kwa daftari la shule ni 14/29, 9/29 na 6/29, ila sikuthubutu kutaja "asili" wala "kiasi" pale mkekani, Shangazi angeondoka. Nilimwambia tu kwamba leo zinazolipwa ni punje, watu hawalipwi. Kila punje ikapata 13,500. Mia tano iliyobaki, watoto wakanunua pipi. Shangazi akazipangia punje zake fedha mwenyewe, moja baada ya moja, mpaka 121,500. Mimi 189,000, shemeji 81,000 ukiacha posho. Ule ushauri wa "sawa tu" ungeninyang'anya kama elfu hamsini na nane hivi.

Hasara nayo ingefuata punje zilezile, wenzako waambie mapema. Na mtu akitia fedha katikati ya msimu, zidisha mchango kwa miezi: laki iliyokaa miezi miwili ni sawa na laki mbili za mwezi mmoja.

Safari iliyofuata Shangazi akaleta laki tano kamili, akadai punje kumi. Nikamwambia tano zinatosha, maana kwa laki saba zangu, tano zake na tatu za shemeji, sasa kila punje ni laki, zote 15. Akanitazama kama kibaka, akauvuta ungo, akaanza kuhesabu mwenyewe.