Tembe la Kwihara ndani ya Doom

Mpwa wangu hucheza gemu za risasi kwenye simu. Leo nimemwambia kwamba zamani sisi tulikuwa tunazifungua na kujenga nyumba zetu humo ndani. Akashangaa: "Mjomba, wenye gemu waliwaruhusu?" Swali hilo limenikalia kichwani hadi usiku huu.

Waliruhusu. Doom, gemu ya risasi ya kampuni ya id Software, ilipotoka Desemba 1993, mwandishi wa programu wao John Carmack alikuwa ameitenga injini, yaani programu inayoiendesha gemu, na vitu vyake. Ramani, picha na sauti zilikaa pembeni, kwenye faili za WAD, na ramani mpya ilipachikwa bila kugusa ya asili. Ombi lao lilikuwa moja, kwamba ramani hizo zisichezeke kwenye toleo la bure. Programu yao ya kuchorea ramani hawakuitoa, ilikuwa ya kompyuta za NeXT. Wachezaji wakajitengenezea: mwanzoni mwa 1994 Raphaël Quinet na Brendon Wyber walishatoa DEU, programu ya kuchorea ramani za Doom, bila malipo. Mimi naliheshimu jambo hilo kuliko gemu yenyewe. Watu wasioajiriwa na yeyote walikaa usiku kuchambua faili, kisha wakagawa walichokipata.

DEU niliikuta miaka mingi baadaye hapa Tabora, ndani ya kompyuta ya mtumba iliyokuja na mafaili ya mtu nisiyemjua. Unaweka nukta, unaziunganisha kwa mistari mpaka eneo lijifunge, na eneo hilo linakuwa sekta. Kila sekta ina kimo cha sakafu, kimo cha dari, na mwanga wa kuanzia 0 hadi 255. Ukimaliza unaikokotolea ramani nodi, yaani migawanyo ambayo injini huitumia kuionyesha kwenye skrini, huku ukiomba umeme usikatike.

Sekta haikai juu ya sekta, kwa hiyo ghorofa haijengeki. Lakini mimi nilitaka kujenga tembe la Kwihara, karibu na hapa Tabora, pale alipokaa mvumbuzi Livingstone mwaka 1872, na tembe halina ghorofa: vyumba vimezunguka ua, kuta nene, paa bapa. Nilihisi programu ile imetengenezwa kwa ajili ya Unyamwezi! Uani nikaweka anga badala ya dari, mwanga 255. Barazani 176. Vyumba vya ndani 96, na kile cha pembeni kabisa 80. Kabla ya hapo sikuwahi kutazama jinsi jua la saa nane mchana linavyoishia kizingitini. Nikawa napita mjini nikikadiria mwanga wa kila mahali, chini ya miembe, ndani ya stesheni, kwenye korido za sokoni.

Mlango ndio ulionipa raha kuliko vyote. Katika Doom, mlango ni chumba chembamba ambacho dari yake imeshushwa hadi sakafuni. Ukibonyeza, dari inapanda. Nilichora nakshi za Kwihara kwa subira, nukta moja moja, kisha nikautazama ule mlango mzito ukinyanyuka kwenda juu. Mzee jirani aliyekuwa akichungulia akasema, "Kwihara yenyewe kabisa hiyo, ila mlango umeuroga." Nilifurahi siku nzima.

Mwaka 1996 ilikuja Quake, gemu nyingine ya id, na ghorofa zikawezekana. Worldcraft ya Ben Morris, programu ya kuchorea ramani zake, nayo niliipenda nilipoipata. Lakini mashine zetu zilihangaika sana kukokotoa mwanga wake, na upenyo mdogo tu kati ya kuta mbili ulitosha ramani ionekane inavuja, yaani haijajifunga.

Mwaka 1997 id waliutoa hadharani msimbo wa Doom, yaani maandishi ya programu yenyewe, watu wakaurekebisha kwa mashine mpya, ndiyo maana WAD za enzi zile zinafunguka mpaka leo kwenye mashine ambazo hazikuwepo wakati ule. Yangu pia imefunguka. Upande mmoja wa ua bado mtupu, sijaujengea vyumba. Jumamosi nakwenda Kwihara na futi kamba, nikapime upana wa baraza na unene wa kuta, halafu niendelee.