Maji Yaliyotoka Meusi

Ilikuwa saa nne usiku, na mwanangu alikuwa amekaa kwenye stuli kando yangu, mikono ameibana katikati ya magoti. Mezani nilikuwa nimetandaza gazeti. Kokoto nimezipanga kwa ukubwa, mchanga uko kwenye ndoo, mkaa nimeupondaponda kwa nyundo ndani ya kitambaa ili vumbi lisiruke. Alikuwa na miaka 10. Leo ana sauti nzito na ananizidi kimo, lakini nikikumbuka usiku ule sioni uso wake. Naiona mikono ile, imetulia kama ya mgeni aliyeambiwa asubiri.

Shule ilikuwa imewapa mradi wa sayansi: kila mtoto atengeneze kichujio cha maji kwa vitu vya nyumbani, akilete Ijumaa, akieleze mbele ya wenzake na wazazi. Walipewa wiki mbili. Mimi nilikuja kuiona karatasi Jumatano jioni, imekunjwa ndani ya daftari, zimebaki siku mbili. Nikapata hofu. Sikumuuliza amefika wapi. Ni swali la pumzi moja tu, na sikuliuliza. Nilisema, "Lete hapa, mwanangu, baba akusaidie," na msaada wenyewe ukaishia kwenye neno hilo.

Nilikata kitako cha chupa ya plastiki kwa wembe, nikaipindua shingo chini, nikaiziba shingo kwa pamba. Juu ya pamba mkaa, juu ya mkaa mchanga laini, kisha mchanga wa chembe kubwa, kisha kokoto. Mpangilio huo una sababu zake: kokoto zinazuia majani na takataka, mchanga unanasa tope, na mkaa, kwa kuwa umejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, unashika rangi na harufu. Nilikuwa nikimweleza yote hayo huku nikifanya, na nilijiona nafundisha. Alinyoosha mkono achukue mkasi. "Acha, utajikata." Akaomba amimine mchanga. "Ngoja, utamwaga." Mara ya tatu hakuomba tena, na mimi nilichokiona ni kwamba sasa kazi inakwenda haraka.

Halafu bango. Nilitaka liwe na jambo ambalo watoto wengine hawatakuwa nalo, nikaandika habari za Hamburg na Altona, miji miwili ya Ujerumani iliyokuwa imegusana, yote ikinywa maji ya mto Elbe. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 Hamburg, ambako maji ya mto yalifika majumbani bila kuchujwa. Altona ilikuwa upande wa chini wa mto, ikichota maji yaliyokwisha kupokea uchafu wa Hamburg, lakini iliyapitisha kwenye mchanga kwanza, na ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Ni kisa ambacho hadi leo nakipenda. Nilikiandika kwa mwandiko wa kulazimisha, herufi kubwakubwa zilizopinda kidogo, ili ionekane ni kazi ya mtoto. Naghushi mwandiko wa mwanangu, na mwenyewe amelala chumba cha pili! Nilimaliza saa saba. Chupa sikuijaribu kwa maji. Nilikuwa nimechoka, na ilivyosimama ilipendeza.

Niseme kwa nini nilifanya vile, maana haikuwa mara ya kwanza, wala haikuwa kwenye kazi za shule peke yake. Mimi nimelelewa na mama aliyetugawia kazi sote, wa kike kwa wa kiume. Jumamosi zangu za utotoni zilikuwa beseni, sabuni na lundo la nguo, na mgongo uliokuwa ukiniuma hadi jioni. Nilijiapiza kwamba mwanangu hatayapitia hayo. Kwa hiyo masomo yake yalipoanza kuwa mazito nikamwondolea kazi moja baada ya nyingine: kuosha vyombo, kufagia, hata soksi zake akawa anafuliwa. "Mtoto asome," ndiyo ilikuwa kauli yangu. Mama yake hakukubaliana nami. Aliniambia si mara moja kwamba mtoto asiyejua kusuuza kikombe alichonywea hatujamsaidia, tumemchelewesha. Nilimjibu kwamba vikombe vitamsubiri, mitihani haitamsubiri. Niliamini hivyo kwa dhati. Nilidhani ndiyo mapenzi.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Vichujio vilikuwa vimepangwa kwenye meza ndefu, vingi vimeegemezwa vitabu ili visianguke, kimoja kinavuja ubavuni, kingine kimefungwa kwa kamba za viatu. Chetu kilisimama wima. Wazazi wawili walikipita wakageuka kukitazama tena, na mimi nikafurahi.

Mwalimu alikuwa na ndoo ya maji ya tope. Alipita meza kwa meza, akimpa kila mtoto kikombe amimine mwenyewe. Mwanangu alimimina. Maji yakazama kwenye kokoto, yakapotea, tukasubiri. Tone la kwanza lilitoka jeusi. La pili jeusi. Kisha likaja uzi mwembamba wa maji meusi tititi, yakajaa kwenye glasi, machafu kuliko yale ya kwenye ndoo. Vumbi la mkaa lilikuwa linashuka lote.

Mwalimu hakumcheka, wala hakuruhusu watoto wacheke. Aliinama karibu naye akamuuliza kwa upole, "Unafikiri kwa nini yametoka hivi?" Mwanangu akanyamaza. "Tungeweza kufanya nini?" Akainua macho akaanza kunitafuta katikati ya wazazi. Nilikuwa mstari wa tatu. Macho yetu yalikutana, na sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu hata mimi sikulijua. Mwalimu akataka kumwokoa, akamwambia, "Basi tusomee hapa kwenye bango lako." Akasoma. Akajikwaa kwenye Hamburg, akajikwaa kwenye Altona, akasimama kabisa kwenye neno kipindupindu, neno analolijua vizuri. Lilikuwa limeandikwa na mtu mwingine, na ulimi wake ulikuwa unaling'amua pale pale.

Aliyefuata alikuwa binti mmoja mwembamba mwenye kile kichujio cha kamba za viatu. Maji yake nayo yalitoka na rangi, ya kahawia. Hakushtuka. Aliyachukua akayarudisha juu, akayaacha yashuke, akayamwaga. Akamimina mengine. Mara ya tatu yalikuwa yamekaribia kuwa meupe. Mwalimu akamuuliza anafanya nini. Akasema, "Mchanga haujatakata, Mwalimu. Niliusuuza nyumbani lakini bado. Ni kama nguo, unarudia mpaka maji yasibadilike." Akaulizwa nani amemwambia. Akaonekana kulishangaa swali. "Soksi zangu huwa nafua mwenyewe."

Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi tangu siku ile. Miaka mitatu nilikuwa nimemlinda mwanangu na beseni ili apate muda wa sayansi, na sayansi yenyewe ilikuwa ndani ya beseni. Kusuuza kitu mpaka maji yenyewe yakwambie kimetakata ni kupima, ni kurudia jaribio, ni kujua wakati wa kuacha. Mama yangu alikuwa akinikemea nikihesabu maji. "Usihesabu, yatazame." Mimi mwenyewe nilikuwa naujua ujuzi ule tangu nina miaka saba, na usiku wa Jumatano haukunijia akilini, kwa sababu nilikuwa nimeshaugawa ulimwengu mafungu mawili, kazi za nyumbani huku na elimu kule.

Tulirudi nyumbani kimya. Hakulia. Mkono wa kulia wa shati lake la shule ulikuwa na doa la mkaa kuanzia kifungo hadi karibu na kiwiko. Kichujio alikibeba kwa heshima, akakiweka jikoni, akaenda chumbani.

Usiku mama yake aliniambia, bila kuinua sauti, "Katazame mvunguni mwa kitanda chake." Nilidhani kuna uchafu. Nilisubiri mpaka Jumamosi asubuhi alipotoka nje, nikapiga magoti. Kulikuwa na chupa ndogo, nusu lita, imekatwa kitako kwa mkasi butu, mdomo wake umepindapinda kama meno ya msumeno. Ndani mna mchanga, na chini ya mchanga soksi kuukuu, imefungwa kwa uzi mweupe kutoka kwenye kikapu cha mama yake cha kushonea. Mafundo sita, moja juu ya jingine. Kando yake kuna karatasi ya daftari. Mwandiko ulikuwa wake, si ule niliouigiza, na nikaona nilivyokosea hata kuuigiza: yeye huandika herufi ndogo, zimebanana. "Jaribio la 1, Jumapili. Maji machafu. Soksi ilitoka." Chini yake, "Jaribio la 2, Jumanne. Soksi imekaa. Maji machafu kidogo." Halafu mstari wa tatu umeanza, "Jaribio la 3", na mbele yake hakuna kitu.

Jumatano ndiyo siku niliyosema lete hapa.

Nilikaa sakafuni na ile karatasi kwa muda mrefu. Aliporudi akanikuta nimeishika. Alinywea, akafikiri amekosa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba ameshaanza. Akasema, "Chako kilikuwa cha kweli, Baba."

Nilimwomba radhi. Nilisema maneno yote, sikuyafupisha: kwamba nilimnyang'anya kazi yake, kwamba niliandika kwa jina lake, kwamba nilimwacha asimame mbele ya watu na kitu asichokijua. Alitikisa kichwa tu. Halafu nikamwambia achukue chupa yake na lile shati, tukatoka nje na beseni mbili.

Tulianza na shati. Alilitumbukiza lote kwa mara moja, akamwaga sabuni nyingi mno, povu likamfika kwenye viwiko. Nikamwonyesha kufikicha doa kwa vifundo vya vidole, kitambaa juu ya kitambaa, si kukisugua chote kwa hasira. Mgongo ulimuuma, akasema, nikamwambia ni kweli unauma, ainuke anyooshe, arudi. Wakati wa kusuuza akaanza kuhesabu, "Moja. Mbili. Limetakata?" Nikasikia sauti ya mama yangu ikitoka kinywani mwangu. Akanyamaza akayatazama maji.

Kisha mchanga. Aliuweka kwenye beseni, akamimina maji, akatumbukiza mkono na kuuzungusha. Wingu la tope likapanda toka chini, zito, rangi ya udongo, likafunika vidole vyake mpaka visionekane. Akainamisha beseni taratibu, tope likatoka na maji, mchanga ukabaki umelala chini. Akarudia. Wingu la pili lilikuwa jepesi zaidi. Nilitaka kumwonyesha namna ya kushika beseni, maana mchanga ulikuwa unamponyoka kila anapomwaga, lakini mara ya nne aligundua mwenyewe kwamba akisubiri kidogo mchanga utulie, haumwagiki. Hilo sikumfundisha. Mara ya tisa aliweza kuhesabu kucha zake zote chini ya maji. Mkaa tuliufunga kwenye kitambaa akaukanda ndani ya maji vivyo hivyo, na hapo alichoka kweli, maana mkaa haukubali haraka.

Jaribio la 3 lilifanyika saa kumi jioni. Soksi ilikaa. Maji yalitoka polepole sana, tone kwa tone, na yalikuwa na ukungu mwepesi. Akaweka glasi juu ya gazeti, akasema anaona herufi kubwa, ndogo hazisomeki. Akaandika hivyo hivyo kwenye karatasi yake. Sikumrekebisha neno.

Aliuliza kama yananyweka. Hapo nilimweleza kwa makini, kwa sababu ni jambo la uhai: maji kuwa meupe si kuwa salama. Vijidudu vya kipindupindu vinapita kwenye chupa kama ile bila shida. Mchanga wa Altona ulikuwa wa kina kirefu, maji yakipita taratibu, na juu yake hujengeka utando wa viumbe hai vidogo sana ambao ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi, nao huchukua siku nyingi kukomaa. Yetu ni ya kuchemsha kwanza. Alisikiliza, halafu akauliza utando huo unakula nini. Jumatano nilieleza nusu saa nzima na sikuulizwa swali hata moja.

Miaka miwili baadaye alinijia mbio na kitabu cha maktaba. Alikuwa amesoma kwamba mmoja wa watu wa kwanza kuchuja maji ya mji kwa mchanga alikuwa John Gibb, huko Paisley, Scotland, mwaka 1804. Mtu huyo alikuwa na kiwanda cha kung'arisha vitambaa, akahitaji maji safi kwa kazi yake, na yaliyobaki akawauzia watu wa mji. "Ni mtu wa nguo, Baba!" alisema. Hakuhitaji kunieleza kwa nini amefurahi.

Lakini jioni ile ya Jumamosi bado shati lilikuwa halijaanikwa. Alilichukua mwenyewe akalitundika kwenye kamba, bega moja juu, jingine chini, hajalikamua hata kidogo. Giza likaingia. Mimi na mama yake tulikuwa tumekaa barazani, tunasikia linavyochuruzika juu ya saruji. Nilijua kabisa kwamba nikilikamua kwa dakika moja litakuwa limekauka kabla ya Jumatatu. Nikasogea kwenye kiti.

"Usiinuke," mama yake akasema.

Jumapili ilikuwa siku ya mawingu. Jumatatu asubuhi alilivaa, kola bado ina unyevu, na jioni aliporudi akaniuliza nguo inakamuliwaje.