Kabla ya gia, macho

Siku hizi namfundisha mpwa wangu gari. Leseni ya kujifunzia anayo, alama ya L tumeibandika mbele na nyuma, na tunatoka Jumapili asubuhi barabara zikiwa bado tupu. Gia na klachi ameshika haraka sana. Ninachokazania mimi ni macho na nafasi.

Kila anapotaka kukunja kushoto namwambia: kioo, indiketa, kisha geuza shingo uangalie. Bodaboda hupenya upande ule ule unaodhani hakuna mtu, na kioo peke yake hakimwonyeshi.

Kuhusu nafasi nilimpa hesabu. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu kwenye makazi hapa Tanzania, gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukitupia simu jicho sekunde mbili, umepita mita 28 bila kuona chochote.

"Mjomba, hizo si nyumba mbili tatu?"

Ndiyo mwanangu, na kila nyumba ina watoto.

Sasa anachagua nguzo au mti, gari la mbele likiupita anahesabu sekunde mpaka tufike sisi. Zikipungua mbili, anapunguza mwendo. Mvua ikinyesha anaziongeza. Daladala zinatupigia honi nyuma, namwambia ziache zipite. Nimefurahi kuona hababaiki tena na honi.

Wiki ijayo tunaanza usiku, nataka azoee kushusha taa kila anapokutana na gari.