Niko fildi, mtoni

Saa 11:30 alfajiri. Ndoo moja ya kuoga, chapati mbili na chai ya rangi pale kibandani. Saa 1 tumeshapanda pikapu, afisa anayetusimamia mbele, mimi na mwanafunzi mwenzangu nyuma, tumekumbatia ndoo na nyavu.

Nyumbani Dar wanajua niko fildi Morogoro, "nahifadhi mito". Mdogo wangu kila akipiga simu anauliza nimeshaona viboko wangapi. Sijaona hata mmoja.

Saa 2, mto Ngerengere. Mwezi huu wa nane maji hayazidi magoti. Tunasoma ubao wa namba uliosimikwa mtoni, tunaandika kina. Halafu kazi yangu: nasimama katikati ya mto nachokonoa mawe kwa buti, mwenzangu anakinga wavu upande maji yanakoelekea. Tukimwaga kwenye sinia jeupe, mwanzoni unaona uchafu tu. Subiri kidogo. Uchafu unaanza kutembea: buu la kereng'ende, konokono, na vile vijidudu vyekundu vyembamba kama uzi, mabuu ya usubi. Wekundu ule ni himoglobini, kama ya damu yetu, ndiyo maana vinaishi hata maji yakiwa na hewa kidogo. Leo nimehesabu 41. Kereng'ende, wawili. Maji haya yanakwenda kuingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayojaza ndoo za kwetu Dar.

Saa 4 tukafika kwa mzee wa mchicha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyie ndio wa mita sitini?"

Ndio sisi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na mpira wa pampu yake ulikuwa mtoni kabisa, unanyonya. Tepu yetu ina mita 50, kwa hiyo kila kipimo ni kuvuta mara mbili, jua la utosi, mimi ndiye wa kushika ncha. Tukapima. Akakataa: mbona mmeanzia kwenye ukingo, si kwenye maji? Tukarudia. Akakataa tena, akanishika mkono mpaka kwenye mgomba uliokuwa unaning'inia juu ya maji, mizizi nje.

"Binti, huu nilipanda katikati ya shamba. Mvua za El Nino zile za 2023 zikaja. Sasa niambie, mimi nimeufuata mto au mto umenifuata mimi?"

Nikamtazama afisa wetu. Afisa alikuwa anaongea na simu.

Tukapima mara ya tatu kuanzia kwenye mgomba, kumridhisha tu. Shamba zima liko ndani, hata kibanda cha pampu. Nilijua hivyo tangu mwanzo, na yeye alijua, ila alitaka mtu apime mbele yake. Akasaini karatasi ya onyo taratibu, herufi moja moja, kisha akanitupia mafungu mawili ya mchicha kwenye ndoo ya sampuli.

Baada ya hapo sikumbuki saa. Vituo viwili vingine, pancha, soksi mbichi. Nimeingia chumbani giza limeshashika, nikajaza kitabu cha fildi: *umbali kutoka ukingoni, mita 11, zao, mchicha, maji, pampu.*

Mchicha nimeukaanga kwa nyanya na kitunguu. Mtamu kweli.