Elgon, mlima wa upana

Magoti yananiuma na viatu bado vina tope, ila nisipoandika usiku huu sitaandika tena. Leo tuliingia Mlima Elgon, ulio mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa lango la Chorlim upande wa Kenya.

Huu mlima hauthaminiwi, na sababu naijua. Ukiutazama kutoka Kitale unaona mwinuko mrefu wa buluu usio na ncha wala theluji. Kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, kiko upande wa Uganda na kina mita 4,321, basi watu wanaupita wakikimbilia Kilimanjaro. Mimi nasema huu upimwe kwa upana. Kitako chake kina kipenyo cha kilomita 80 hivi! Ni volkano mfu, kongwe kuliko Kilimanjaro na Mlima Kenya, iliyomwaga lava, majivu na vifusi tabaka juu ya tabaka kwa mamilioni ya miaka. Kisha tumbo lake likabaki tupu, paa likaporomoka, na juu kukabaki kaldera yenye upana wa kilomita nane hivi. Mto Suam unatokea humo, ukipenya ukingo wa mashariki.

Lakini kilichonishika ni pango la Kitum. Linaingia mlimani kama mita 200, na ukuta wake ni majivu ya volkano yaliyogandamana na vipande vya mawe, yenye chumvichumvi ndani yake. Ndovu huja usiku, wakipapasa njia gizani kwa mkonga, wanachokoa ukuta kwa pembe, wanasaga vipande na kumeza. Askari wa wanyamapori aliyetuongoza alimulika tochi kwa ubavu, na mikwaruzo ikajitokeza: mifereji mirefu, mmoja juu ya mwingine, mingine imelainika kwa uzee. Nilitia vidole viwili katika mmoja vikaenea. Ina maana sehemu ya pango hili imechimbwa na ndovu, kizazi baada ya kizazi. (Popo nao ni wengi. Watu wawili waliougua Marburg, homa hatari ya virusi vinavyobebwa na popo, 1980 na 1987, walikuwa wamezuru pango hili, kwa hiyo sikukawia sana mle ndani.)

Nje, majivu hayohayo yameoza yakawa udongo mwekundu wenye kina, na ndio unaolisha kahawa ya Bugisu kule ng'ambo, Uganda. Udongo huo ukilowa kupita kiasi kwenye mteremko mkali, hasa palipokatwa miti, unateleza wote kwa pamoja. Machi 2010 huko Bududa ulifukia kijiji cha Nametsi na watu wake. Wanaolima pale hawana pengine pa kwenda, na shamba lenyewe linazaa kweli, kwa hiyo sioni wepesi wa kuwaambia wahame. Mvua za masika zikianza, habari za upande ule ndizo ninazozitafuta kwanza redioni.